Mashine za kupima presha madukani Kisumu: anza na mkanda

Ukiingia duka kubwa la dawa pale Oginga Odinga Street, mashine za kupima presha zimepangwa nyuma ya kaunta, boksi juu ya boksi, na muuzaji ataanza kukusifia kioo: namba kubwa zinazosomeka bila miwani, taa ya kijani, sauti inayotangaza matokeo, bluetooth ya kutuma kwenye simu. Msikilize, halafu mwombe afungue boksi akuonyeshe mkanda. Kile kitambaa chenye mfuko wa hewa ndani ndicho mashine yenyewe. Vingine ni mapambo, na kwenye mapambo ndipo pesa nyingi huishia.

Tathmini hii inamhusu mtu mzima wa Kisumu, Kakamega, Busia au Nakuru anayetaka namba anayoweza kuiamini, iwe ananunua mashine yake au anapimwa na wengine. Haja ipo. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Presha haikupi taarifa mapema. Wengi wetu tunasema "mimi sina presha, kichwa hakiniumi," na huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vinaharibika polepole bila maumivu yoyote.

Mkanda unavyoamua namba

Chukua futi ya fundi wa nguo, ile laini. Legeza mkono, upime mzunguko wake katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko. Andika sentimita. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani, na ajabu ni kwamba ni nadra kumsikia muuzaji akiiuliza.

Mkanda wa kawaida unaokuja na mashine nyingi za bei nafuu umeandikwa sentimita 22 hadi 32. Mkanda mpana, ambao kampuni nyingi huuweka kwenye mashine za daraja la juu kidogo, hufika 42. Mwenye mkono wa 35 akifungiwa ule wa 22 hadi 32, mfuko wa hewa hauzunguki vya kutosha, shinikizo haliufikii mshipa sawasawa, na mashine inalazimika kujaza hewa zaidi ndipo damu isimame. Hiyo ziada inaandikwa kwenye kioo kana kwamba ni presha yako. Ni kama kufunga gunia la debe mbili kwa kamba iliyokatwa kwa debe moja: kufunga utafunga, lakini kwa kuvuta kwa nguvu zote.

Ziada yenyewe si ndogo. Jaribio lililofanyika Baltimore, Marekani, na kuchapishwa 2023 liliwapima watu kwa mkanda unaowatosha, kisha kwa mkanda wa kawaida. Waliohitaji mkanda mkubwa, mkono wa sentimita 32 hadi 40, walisomeka juu kwa karibu milimita 5 za zebaki, kipimo cha presha, kwenye namba ya juu, ile inayoandikwa kwanza. Waliohitaji ule mkubwa zaidi, mkono wa kupita 40, walisomeka juu kwa milimita 19.5 kwa wastani. Mtu wa 125, ambaye hana neno, anasomeka karibu 145 na kuanzishiwa vidonge. Kwa wenye mikono myembamba mambo yaligeuka: mkanda wa kawaida uliwashusha kwa karibu milimita 4, na hapo mgonjwa anaambiwa yuko sawa.

Kwa hiyo, mkono wako ukiwa kati ya 22 na 32, mkanda wa kawaida unakutosha. Ukiwa kati ya 32 na 42, au mashine ni ya nyumba nzima, lipia ule mpana. Ukipita 42, usinunue chochote kilicho kwenye rafu. Muulize mwenye duka kama anaweza kuagiza mkanda mkubwa wa kampuni ileile iliyotengeneza mashine. Maneno "kampuni ileile" tunayasisitiza. Mashine za otomatiki hazisikilizi mapigo; zinahisi mtikisiko wa mshipa wakati hewa inaongezwa au inatolewa, kisha zinakokotoa namba ya juu na ya chini kwa hesabu ya siri ya kampuni, iliyopangwa kwa mkanda wake. Mkanda wa kampuni nyingine unaweza kuchomeka vizuri kabisa na bado ukaleta namba isiyo na maana.

Mashine ya mkono wa juu

Hii ndiyo tunayoipendekeza, na kwa watu wengi ndiyo pekee. Omron, Microlife, Rossmax na Beurer ndizo hupatikana zaidi. Bei hupishana sana duka kwa duka, hata ndani ya mtaa mmoja. Ulizia kama maduka matatu kabla ya kutoa pesa. Jina la kampuni peke yake halitoshi, kwa kuwa kampuni moja inaweza kuwa na mashine iliyothibitishwa na nyingine isiyothibitishwa. Geuza boksi utafute namba ya modeli. Kwa Omron, kwa mfano, huanza na HEM chini ya mashine. Iandike namba hiyo kwenye simu ukiwa papo hapo dukani, ufungue tovuti ya stridebp.org, uone kama imo kwenye orodha ya zilizothibitishwa kwa watu wazima. Ni kazi ya dakika mbili. Modeli isiyokuwamo hatuinunui, hata kama imepunguzwa bei nusu.

Kwenye boksi pia utaona maandishi "±3 mmHg", yaani milimita za zebaki. Wauzaji hupenda kuyaonyesha kama ushahidi wa usahihi. Ukweli ni kwamba yanahusu kihisi cha shinikizo tu, kikipimwa chenyewe mezani. Hayasemi lolote kuhusu ile hesabu ya kupata presha ya mtu. Mashine mbaya kabisa inaweza kubeba maandishi hayo bila kusema uongo.

Mjamzito afanye msako huohuo, ila kwa orodha ya zilizothibitishwa kwa wajawazito, maana mishipa hubadilika na mashine nyingi nzuri za watu wengine huwasoma chini kuliko hali halisi.

Kuhusu nishati: nyingi hutumia betri nne za AA. Betri za bei ya chini kabisa, zile za zinki na kaboni zinazouzwa kwenye vibanda, huchoka haraka, na pampu ikikosa nguvu hujaza hewa polepole, mkono unaumia, halafu kioo kinaandika kosa. Nunua za alkali, na uzitoe kama mashine itakaa wiki kadhaa bila kazi, la sivyo zinavuja na kula vyuma vya ndani. Chaja ya ukutani ni nzuri ikiwa ni ya kampuni yenyewe. Stima zikirudi kwa kishindo baada ya kukatika, adapta ya kubahatisha ndiyo ya kwanza kuungua, na mara nyingine huondoka na mashine.

Alama ya kosa ikitokea, usikimbilie kurudisha mashine. Mara nyingi mkanda umelegea, au mtu alizungumza au kusogeza vidole, au mrija haukuingia hadi mwisho. Ikijaza hewa, ikasita, kisha ikajaza tena juu zaidi, maana yake iliona mtikisiko isiouelewa, kwa kawaida ni mkono uliosogea. Lakini ukisikia hewa inafyonya kila mara, paka maji ya sabuni kidogo kwenye maungio ya mrija nje ya mashine. Povu likionekana, umepata ufa. Mrija hupasuka pale unapokunjwa kwa nguvu kuzunguka mashine, jambo ambalo karibu kila nyumba hulifanya. Uzungushe kwa ulegevu.

Kuna pia alama ya moyo inayomweka, onyo la mapigo yasiyo na mpangilio. Ikija mara moja, rudia. Ikija kila siku, namba zenyewe hazitegemeki sana, na kuna jambo zito zaidi la kuchunguza: kapimwe umeme wa moyo, ECG, hospitalini. Mapigo yasiyopangika yanaweza kuwa chanzo cha damu kuganda na kupanda hadi ubongoni.

Ya kifundo cha mkono

Ni ndogo, nyepesi, nafuu, na inaingia kwenye mkoba. Hapo sifa zimekwisha. Mshipa wa kifundo uko mbali na moyo, na kila sentimita 10 mkono unaposhuka chini ya usawa wa moyo, uzito wa damu yenyewe huongeza karibu milimita 8 za zebaki. Ukiipandisha juu ya moyo, inapungua kwa kiasi hichohicho. Watu wengi huiweka mapajani wanapopima, na hapo tofauti inaweza kupita 15 bila mashine kuwa na kosa lolote.

Inafaa hali moja: mkono wa juu mnene mno, au uliopinda, kiasi kwamba hakuna mkanda unaokaa. Basi chagua iliyothibitishwa, na kila unapopima uweke kifundo usawa wa moyo, kiwiko kikiwa kimeegemea meza.

Ya saa na mpira wa kupuliza

Ile yenye saa ya mshale, mpira wa kubana kwa mkono na stetoskopu. Ikitumiwa na mkono uliofundishwa hakuna inayoishinda, na mwenye mapigo yasiyo na mpangilio huhudumiwa nayo vizuri zaidi. Njia ya kusikiliza mapigo chini ya mkanda iliwasilishwa na daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905, na haijabadilika sana. (Wakazi wa Kisumu, ambao mpaka leo wanaiita hospitali kuu "Russia", wana haki ya kutabasamu hapo.)

Kwa kujipima nyumbani, hatuipendekezi. Kupuliza kwa mkono mmoja huku ukisikiliza kwa masikio mawili ni kazi ya watu wawili, na misuli ya mkono unaobana mpira huongeza presha yenyewe. Mshale nao ni dhaifu: kifaa kikianguka mara moja kutoka mezani, unaweza kukaa kwenye 6 au 8 badala ya sifuri bila mtu kugundua. Kabla ya kupimwa na kifaa cha namna hii popote, tazama mshale kabla mkanda haujajazwa. Usipokaa sifuri, kataa kwa adabu.

Njia nyingine ya kumjua mpimaji makini ni kuangalia namba anazoandika. Saa hiyo ina mistari ya milimita mbili mbili, kwa hiyo namba ya kweli huishia na 0, 2, 4, 6 au 8. Akikuandikia 137 kwa kifaa cha mshale, ameibuni. Na ukiona kadi za watu kumi mbele yako kwenye foleni zote ni 120/80, 130/80 na 140/90, mpimaji anakadiria. Makadirio hayo huumiza zaidi pale kwenye 140, ambapo kushusha kidogo tu kunamrudisha mtu nyumbani bila ushauri.

Hewa nayo itolewe taratibu, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Anayeifungua ikatoka kwa kishindo anapitwa na mapigo ya kwanza, na namba ya juu inakuja chini kuliko ilivyo.

Saa za kidijitali na programu za simu

Programu zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera ya simu: futa. Kamera inaweza kuhesabu mapigo, presha haiipimi. Saa za mkononi zinazokadiria presha kwa mwanga huhitaji kurekebishwa mara kwa mara kwa mashine ya mkanda, kwa hiyo bado utanunua ile mashine uliyokuwa ukiikwepa.

Kupimwa bila kununua

Si kila nyumba inahitaji mashine, na pesa hizo kwa familia nyingi ni karo. Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye Waluo wengi humwita nyamrerwa, sasa ndiye njia ya karibu zaidi. Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu takribani 100,000 nchini, na mikoba waliyopewa ina mashine ya presha pamoja na ya sukari, mizani na kipimajoto. Ubora wa huduma hii ni kwamba anakupata nyumbani umetulia, umekaa kwenye kiti chako, hukupigana na tuktuk njiani. Kwa hilo tunaipa alama ya juu kuliko kaunta za maduka. Udhaifu wake ni mkanda mmoja kwa kijiji kizima na betri ambazo mara nyingine hana. Muulize mkanda wake unafika sentimita ngapi. Imeandikwa kwenye kitambaa. Mkono wako ukizidi hapo, mshukuru, na uende kituoni.

Kaunta ya kemisti ni ya haraka na ndiyo iliyozoeleka mitaani Kondele na Nyalenda. Tatizo ni kiti. Utakuta stuli ndefu isiyo na mgongo, miguu inaning'inia, mkono uko mapajani, na muuzaji anakuuliza ulikuwa unataka dawa gani huku pampu inavuma. Kukaa bila kuegemea, kuvuka miguu, kuzungumza, kubana mkojo: kila kimoja kinaweza kuongeza kuanzia milimita chache hadi 10, na vinajumlishana. Omba kiti cha kawaida. Nyamaza. Kama hakuna kiti, hiyo namba ichukue kama uvumi.

Kambi za bure huja kwa wingi Mei 17, Siku ya Presha Duniani, na Septemba 29, Siku ya Moyo Duniani, na pia makanisani. Zinafanya kazi moja vizuri sana: kumnasa mtu wa miaka 45 ambaye hajawahi kufungwa mkanda maishani. Kwa kazi hiyo tunaziunga mkono bila masharti. Ila jua, foleni, spika na kusimama saa nzima huipandisha presha, kwa hiyo namba ya juu iliyopatikana kambini ni mwaliko wa kupimwa tena siku nyingine mahali patulivu, na yeyote anayekuuzia dawa pale pale kwa namba moja, mwache. Ukifika zamu yako, kaa dakika tano kabla ya kufungwa mkanda hata kama walio nyuma wananung'unika.

Zahanati na kituo cha afya cha serikali vinabaki kuwa njia kamili zaidi, kwa kuwa namba inaishia kwenye rekodi na mtu wa kuifuatilia. Tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mpango ni kwamba aliyejisajili anapata huduma za msingi bila malipo kwenye vituo vya ngazi ya 2 na 3. Shida ya huko ni kasi: unashuka bodaboda, unaingia, mkanda unafungwa. Mwambie muuguzi, "Sista, niruhusu nipumzike kidogo kwanza." Wengi watakubali, wanajua.

Wiki moja ya vipimo

Mashine ikishafika nyumbani, usipime kila unapojisikia vibaya. Hofu hupandisha presha, presha iliyopanda huongeza hofu, na saa tano usiku una kurasa mbili za namba zisizosaidia mtu.

Pima siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, mara mbili kila kikao ukiacha dakika moja katikati. Asubuhi iwe kabla ya chai na kabla ya kumeza dawa, baada ya kwenda msalani. Nusu saa kabla, usivute sigara, usinywe kahawa wala chai ya rangi, usibebe maji. Chumba kiwe na joto la wastani. Asubuhi ya Julai Nakuru ni baridi ya kutosha kuongeza namba, kwa hiyo usipimie kibarazani. Keti kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Vua sweta, ukiikunja ikabana juu ya mkono, nayo imekuwa mkanda wa pili.

Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, alama ya mshale ikielekea upande wa ndani ambapo mshipa unapita. Vidole viwili viingie chini ya mkanda, visielee. Subiri dakika tano kimya, simu ikiwa chumba kingine. Bonyeza.

Siku ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili. Mkono unaosoma juu zaidi ndio utakaoutumia siku zote. Tofauti ikizidi 20 kila unaporudia, mwonyeshe daktari, huenda mshipa wa upande mmoja umeziba kiasi.

Mwisho wa wiki tupa vipimo vya siku ya kwanza, vilivyobaki vipigie wastani. Usivichague. Kuna watu wanaopima mara sita na kuandika ile ya chini kabisa, na daktari anapanga dozi kwa namba ya kubembelezwa. Mashine zenye kumbukumbu husaidia hapa, na ndiyo sifa pekee ya kioo tunayoilipia. Nyingine hata hutenganisha watumiaji wawili, mume na mke wasichanganye namba.

Wastani wa nyumbani wa 135/85 na kuendelea ni presha ya juu. Kliniki mpaka ni 140/90, kwa kuwa watu wengi hupanda kidogo mbele ya koti jeupe. Yupo pia anayesoma vizuri kliniki na vibaya nyumbani. Huyo ndiye hupotea, na ndiye mashine ya nyumbani inayomwokoa. Ukisoma 180/120 au zaidi, kaa dakika chache, rudia. Ikibaki hapo nawe una maumivu ya kifua, unakosa pumzi, upande mmoja umelegea, ulimi ni mzito au macho yameingia giza, nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa gari lolote. Usikubali kutobolewa kidonge cha nifedipini chini ya ulimi ili "ishuke haraka". Hushuka ghafla mno, na ubongo na moyo huweza kukosa damu.

Kabla ya kulaumu mashine kwa namba zilizopanda ghafla, angalia mfuko wa dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo waendesha boda na mafundi wa jua kali humeza kwa ajili ya mgongo, hupandisha presha na kuzipunguza nguvu dawa za presha. Baadhi ya dawa za mafua zinazofungua pua na vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni nazo zimo kwenye orodha. Mtaje daktari kila kitu, pamoja na dawa ya miti.

Kuihakiki mashine yako

Dai risiti yenye namba ya mashine na mhuri wa duka kwenye kadi ya waranti ukiwa bado hapo kaunta, na uijaribu kabla ya kutoka. Mara moja kwa mwaka, na kila ikianguka, ibebe kliniki pamoja na mkanda wake. Mwombe muuguzi akupime kwa kifaa chao, kisha kwa chako, kisha chao tena, mkono uleule, dakika moja katikati. Ukipishana kwa 5 na kurudi, ni kawaida. Ikiwa kila mara yako iko mbali kwa zaidi ya 10, na mkanda unatosha, na velkro bado inashika, basi ni mashine. Ikiwa ndani ya waranti, irudishe na risiti. Ikiwa imepita, ulizia kwanza bei ya mkanda mpya, maana kwa mashine ya miaka mitatu mkanda ndio huchoka kabla, mfuko wa ndani ukianza kuvimba upande mmoja.